Mkaguzi aliyekuja baada ya mti kuanguka: barua ya wazi kwa madiwani na mkurugenzi wetu

Waheshimiwa madiwani, Ndugu Mkurugenzi, nanyi wakuu wa idara ya mazingira,

Salaam. Mimi ni fundi wa kukata miti hapa Dar es Salaam, mwaka wa 17 sasa. Nilianza kwa kushika kamba chini, nikapandishwa juu na panga, leo nina mashine yangu na vijana wawili. Mgambo wananijua. Mwaka juzi walinikuta juu ya mkorosho wa watu, nikalipa faini ya shilingi 50,000 na mashine ikalala ofisini siku nne. Sibishi, kibali sikuwa nacho. Kwa hiyo msiisome barua hii kama ya mtu msafi.

Naandika kwa sababu ya mwembe mmoja.

Ulikuwa wa bibi mmoja anayekaanga vitumbua, kwenye kiwanja alichoachiwa na marehemu mumewe. Miembe mingi ya upande ule ni ya enzi za mashamba. Ilikuwepo kabla mtu hajaja na kamba ya kupimia viwanja, ndiyo maana utaikuta imekaa hovyo: shina kwa huyu, kivuli kwa yule, mizizi kwa wote wawili. Bibi aliniita mwezi wa pili baada ya tawi kudondoka mchana kweupe, hakuna upepo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hebu niangalizie huu mti. Usiku unalia."

Nilicheka moyoni. Nikazunguka shina. Upande unaoelekea kwa jirani, chini kabisa pale shina linapoingia ardhini, kulikuwa na uyoga mgumu kama ubao, mpana kama sahani ya wali, mmoja juu ya mwingine mithili ya ngazi. Nikageuza panga nikagonga kwa mgongo wake. Mwembe mzima ukiugonga hujibu kwa sauti fupi, kavu, kama umegonga ukuta. Huu ulijibu kama ngoma. Nikasogea hatua moja, nikagonga tena. Ngoma. Karibu nusu ya mzunguko wote ilikuwa ngoma. Nikachukua spoku ya baiskeli, nikaiingiza kwenye kitundu walichotoboa mchwa. Ilizama yote, sentimita 30 hivi, na ilipotoka ilikuwa na unga wa kahawia unaonuka kama chumba kilichofungwa masika nzima. Kicheko kiliniisha. Mti ule ulikuwa unalia kweli, ni nyuzi zilizobaki zilizokuwa zinakatika.

Na juu, waheshimiwa, kichwa kilikuwa kijani kibichi, kimejaa maua. Watu wengi hudanganyika hapo. Mti unapitisha maji na chakula chake kwenye tabaka la nje, karibu na gome. Moyo ukioza, majani yanaendelea kuota na maembe yanaendelea kuzaa, ila nguvu ya kusimama inakwisha. Mkaguzi anayetazama majani kutoka getini na kusema "mti huu mzima" hajakagua kitu.

Nikamwambia bibi huu haumalizi masika. Nikamwambia na bei: laki nne. Asione kama namkamua, mti wa katikati ya nyumba hauangushwi, unashushwa kwa kamba kipande kwa kipande. Gogo bichi la mwembe lenye urefu wa mita moja na unene wa mita moja linaweza kufika kilo 700, si kitu cha kuachia juu ya shimo la choo la watu. Bibi kitumbua anauza shilingi 200. Laki nne ni vitumbua 2,000, kabla hujatoa mchele, mafuta na mkaa. Akaniomba aanze na nusu, nyingine atalipa mdogomdogo. Nikakubali. Kikabaki kibali, maana safari hii nilitaka nikate kwa haki.

Bibi akaanzia kwa mjumbe. Mjumbe akampeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, mwenyekiti akaandika barua, mtendaji akaigonga muhuri, ikaenda kata nako ikagongwa, kata wakasema wa kukagua ni afisa kule makao makuu. Kule ikapokelewa kwa muhuri wa tatu, akaambiwa aache namba ya simu. Wiki ya tatu akapewa habari kwamba gari halina mafuta, akaulizwa kama anaweza kumgharamia mkaguzi bajaji, kwenda na kurudi. Hela ya kwenda alikuwa nayo. Ya kurudi hakuwa nayo. Ikaingia Aprili.

Mwembe ulianguka Jumanne saa nne asubuhi, mvua ikiwa imekatika, jua limeanza kutoka. Mingi niliyoitwa kuiondoa imeanguka hivyohivyo, asubuhi tulivu baada ya mvua ya siku tatu. Udongo wetu huu wa mchanga ukishiba maji unaiachia mizizi, na kichwa kilicholowa kinaelemea. Tena masika yetu ya Machi hadi Mei yanakuja na jambo jingine wavuvi wanalijua kuliko maofisa: ndicho kipindi upepo unapogeuka kutoka kaskazi kwenda kusi. Mti uliozoea kusukumwa upande mmoja unaanza kusukumwa upande wa pili wakati miguu yake imo kwenye uji. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipofika Mafia, sisi wa Dar tulionja pembe yake tu, lakini simu yangu haikunyamaza wiki nzima.

Basi ule mwembe uliangukia kwa jirani. Vyumba vitatu vya wapangaji, jiko, tangi la maji la lita 1,000 na banda la kuku. Wapangaji walikuwa kazini, watoto shuleni. Ingekuwa saa nne ya usiku, leo ningekuwa naandika barua ya aina nyingine.

Mkaguzi alifika Alhamisi. Alinikuta nimesimama juu ya gogo, nusu yake imo ndani ya chumba cha mpangaji, mashine inaunguruma. Akanipungia mkono nizime. Nikazima.

"Fundi, kibali kiko wapi?"

Nilidhani ananitania. Hakuwa anatania. Alitaka kibali cha kukata mti ambao tayari ulikuwa umelala, na akanikumbusha kwamba magogo hayatoki pale bila kibali kingine cha kusafirishia. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda pembeni, barua yake yenye mihuri mitatu ameikunja mkononi. Hakumwonyesha.

Mnapenda kutukumbusha kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Bibi ufa aliuona mwezi wa pili, akauripoti, na bado anajenga ukuta, tena wa jirani.

Hapo ndipo lilipo dukuduku langu. Utaratibu wetu unajua kuuliza nani amekata. Haujui kuuliza nani ameuacha. Mti mzima ukikatwa bila kibali kuna kosa, kuna faini, kuna mgambo wa kuja na pikipiki. Mti mbovu ukiachwa mpaka uwaangukie watu, halipatikani kosa la mtu yeyote, tunaambiwa ni kazi ya Mungu. Mimi sidhani Mungu anahusika na barua iliyokaa kwenye trei wiki saba.

Sitaki kibali kifutwe. Mimi mwenyewe ni sababu mojawapo ya kuwepo kwake. Mwaka 2019 niliitwa nyumba moja kukata mkungu, mti wenye afya tele, kivuli chake kimefunika ua wote na nusu ya barabara. Mwenye nyumba alikuwa ameezeka bati jipya, na mnajua mkungu unavyopukutisha majani, ukiwa mwekundu leo keshokutwa uko uchi. Majani yalikuwa yanaziba gata. Kwenye barua yake aliandika "mti hatarishi", na safari hiyo kibali kilitoka upesi, sijui kwa njia gani. Nilijua ni uongo. Nikachukua hela. Kufika mchana ulikuwa chini, na kisiki kilikuwa kimejaa tele, hakina hata tundu la mdudu. Dada aliyekuwa anauza matunda chini ya kile kivuli akahamisha meza yake ng'ambo ya barabara, akanitazama, hakusema neno. Nikipita pale hadi leo naangalia upande mwingine.

Kwa hiyo neno "hatarishi" msiliache mdomoni mwa mwenye mti, wala mdomoni mwangu mimi ninayelipwa kukata. Liandikieni maana. Uyoga mgumu kwenye kitako cha shina. Sauti ya ngoma. Panda ya mti iliyoanza kupasuka, hasa ile ambayo matawi mawili makubwa yamebanana na gome limeingia katikati yake, maana hayajawahi kushikana tangu utoto. Mizizi iliyokatwa wakati wa kuchimba msingi wa fensi au mtaro: hii ndiyo naiona kuliko zote mjini, mtu anajenga ukuta mwaka huu, mti unaangukia ukuta huohuo mwaka kesho. Na kuinama, lakini kuinama kupya. Mti ulioinama tangu mdogo umejijenga hivyo, nani amewahi kuogopa mnazi kwa kuwa umepinda? Wa kuogopa ni uliokuwa wima mwaka jana, mwaka huu umelala kidogo, na ardhi upande wa nyuma yake imechanika.

Ongezeni hapo miti iliyonyolewa kipara. Hili nawasema na mafundi wenzangu. Mteja akisema "punguza" tunakata kichwa chote, tunabakisha nguzo. Baada ya mwaka zinachipua fito nyingi zinazopendeza, mteja anafurahi. Fito zile hazikutoka ndani ya mti, zimeng'ang'ania ukingoni kwenye ngozi, na pale tulipokata maji yanaingia na kuozesha. Miaka mitano mbele ndizo zinazodondokea magari. Kupogoa ni kazi nyingine kabisa, kunataka uchague tawi na ukate mahali pake, na miti mingi ninayoitiwa ingehitaji hilo tu. Lakini hata kupogoa tunaambiwa kibali ni kilekile, mlolongo ni uleule, basi mtu anaona heri akate wote mara moja. Tawi lisilozidi unene wa mkono liachieni mtu apogoe kwake bila kuuliza, ilimradi hakuna waya. Penye waya wa umeme sisi wa mtaani hatupaswi kugusa mpaka laini ikatwe na watu wa shirika lenyewe. Nimeshamzika mwenzangu mmoja, sihitaji kueleza zaidi.

Nguvu ya kuyafanya haya mnayo. Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Miji) ya 1982, Sura ya 288, inawapa uwezo wa kutunga sheria ndogo. Ikipita kwenye baraza lenu na Waziri akaridhia, ikatangazwa kwenye Gazeti la Serikali, imekuwa sheria. Hamhitaji kwenda Dodoma kusubiri Bunge.

Kuna mteja wangu mmoja aliishi Uingereza miaka mingi. Siku moja ninakula chai kwake akanisomea kwenye simu sheria yao ya 1976 kuhusu miti ya hatari kwenye viwanja vya watu. Nilimfanya arudie. Kule, mtu anayehofia mti wa jirani anaweza kuiomba halmashauri iingilie, si lazima mti uwe wake. Halmashauri ikiridhika kuna hatari, inampa mwenye mti notisi ya siku zisizopungua 21. Akikaidi, wanaingia wanaufanyia kazi wenyewe na gharama wanamdai. Siku 21 kwa masika yetu ni nyingi mno, mwembe wa bibi usingezisubiri. Ila mpango wenyewe ni wa akili: mwenye mti ana wajibu, jirani ana mdomo, na halmashauri ina msumeno.

Kwetu jirani hana pa kusemea. Akienda ofisini anaulizwa, "Mti ni wako?" Akisema si wake, anaambiwa amlete mwenyewe. Na mwenyewe mara nyingi ni marehemu. Hapa mjini sijui nimeona viwanja vingapi vya urithi, ndugu wanne, kesi mwaka wa sita, nyasi hadi kiunoni na mti katikati unakufa umesimama. Kila mrithi anaogopa kuugusa asije akaambiwa amejimilikisha. Halafu kuna ile desturi yetu ya pwani, ardhi ina mwenyewe na mti una mwenyewe: shangazi aliachiwa minazi mitatu ndani ya kiwanja cha mtu mwingine. Mnazi unapokauka, mwenye kiwanja anasema si wangu, na shangazi anasema siingii kwa watu. Sheria ndogo yenu iseme wazi: anayekalia kiwanja, au anayekusanya kodi yake, ndiye atakayeulizwa kwanza. Wao wakadaiane baadaye.

Gharama mtaidaije? Mimi kodi ya jengo inanifuata mpaka kwenye LUKU tangu 2021, nikinunua umeme wa elfu tano wananikata kwanza. Serikali iliyojua njia hiyo haiwezi kuniambia deni la mti halina pa kupitia. Kwa watu kama bibi yangu wa vitumbua, fungu litoke kwenye ada za vibali na faini zetu hizihizi, na kuni ziuzwe. Kwenye mwembe ule ulioanguka nilitoa mzigo wa kuni wa kutosha kulipa vijana wangu na mafuta ya mashine. Hela si kwamba haipo kabisa, imelala chini ya mti.

Sasa siku. Ombi la mti hatarishi lisikae foleni moja na la mtu anayetaka kupanua maegesho. Lipewe fomu yake yenye rangi yake, Machi hadi Mei likaguliwe ndani ya siku tatu, miezi mingine siku saba, kwa nauli ya ofisi. Siku zikipita kimya, muhuri wa mtendaji wa mtaa na picha za mti, pamoja na majirani wawili wa kushuhudia, vitoshe kuwa kibali. Na kama mti umeanza kwenda, ardhi inachanika unaona, fundi akate leo, aripoti ndani ya saa 24.

Najua mnachowaza: mlango huo wote watapitia humo, na wa gata naye. Ndiyo maana napendekeza kisiki. Mti ukikatwa kwa dharura, kisiki kisiguswe siku saba na kipande kimoja cha shina kibaki palepale. Afisa aje akitazame kwa wakati wake. Kuoza hakufichiki, na uzima pia haufichiki. Akikuta kimejaa tele, faini iende kwa mwenye mti na kwa fundi, sawa kwa sawa, na fundi anyang'anywe mashine. Kanuni hiyo ingekuwepo 2019, mkungu ule ungekuwa umesimama. Mimi ningeogopa.

Na sisi mafundi mtubane. Hakuna anayeniuliza nilijifunzia wapi. Nusu yetu tunapanda na ndala, kamba ya kufungia ng'ombe, kofia ngumu hatuna. Tuandikisheni, tufundisheni wiki moja, mtupe vitambulisho. Asiye nacho mwenye nyumba asimwite.

Jambo dogo kuhusu kupanda. Kila halmashauri ina lengo la miti 1,500,000 kwa mwaka, na miche mnatugawia, ahsanteni. Ila mtu akipewa mche wa mkungu aambiwe usikae mita moja kutoka ukutani. Juzi nimeona mtaa mzima umepandwa chini ya waya.

Nimalizie na ombi ambalo halihitaji sheria mpya. Mtaani kwetu, kwenye kiwanja kimoja cha urithi kilichofungwa kufuli, kuna mjohoro mkubwa. Ukuta ulipojengwa mwaka jana walikata mizizi ya upande wa ndani, na mti umeanza kulalia barabarani. Chini yake ni kijiwe cha bodaboda, na mama mmoja anauza supu kuanzia alfajiri. Barua ya mti huo iko kwenu, tuliandika watu 14. Ardhi nyuma ya shina imechanika. Jumapili iliyopita niliruka ukuta nikapima: ufa ulimeza kidole kimoja. Jana jioni vimeingia vitatu.

Mama wa supu nimemwomba asogeze meza. Amesogea hatua nne, amesema mbele ya hapo hakuna kivuli.

Namba yangu mtendaji wa mtaa anayo. Kamba ziko tayari.

Fundi wa miti,
Dar es Salaam